Lango Lililofungwa na Wenye Kiu

Inspekta Asma wa Kasongo hajawahi kushindwa na mwizi hata mmoja. Nalisema hili kifua mbele, na atakayebisha aje anione. Lakini kwa kuwa Mungu anasikia, niongeze kidogo: kabla ya habari hii alikuwa amepewa kesi tatu tu. Katika mbili, mwizi alikuja mwenyewe kituoni kuomba msamaha, kwa sababu mama yake alimnyima chakula. Na katika ya tatu, mwizi alikuwa mbuzi.

Basi huyo ndiye mpelelezi wetu. Jua lilikuwa limeanza kuwa kali, naye alikuwa ndani ya lupango, kiwanja chenye ukuta, la Iliasi, prezida wa komite ya maji katika kartié Mapendo, akilisukuma lango la bati kwa bega. Lango halikusogea. Kwa nje lilikuwa limezungushiwa mnyororo, juu ya mnyororo kufuli, na mbele ya kufuli wameketi wanawake wa kartié nzima, kila mmoja juu ya bidoni lake tupu la maji, kama watu waliokuja kwenye harusi ya mtu wasiyempenda.

"Mama Deborah!" Asma aliita kupitia tundu la bati. "Fungua. Mimi ni serikali."

"Serikali tunaijua," ikajibu sauti. Mama Deborah aliuza mikate ya mafuta sokoni, na alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto Lualaba bila kuinuka kwenye kiti. "Serikali ilileta kibao, tukangoja. Serikali ilileta pompi, haikulala hata vizuri, ikapotea. Sasa serikali yenyewe ikae humo ndani, tuichunge, nayo isipotee."

Wanawake wakacheka. Kicheko hakikuwa cha furaha.

"Nina kazi ya kufanya!"

"Kazi yako iko humo humo, mwanangu. Ifanye. Pompi ikitoka, na wewe unatoka."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Serikali ilikuwa imesema itasaidia mitaa ya miji mikubwa: majirani wakutane, wachague wenyewe wanachotaka, serikali ilipe. Kasongo nayo ikahesabiwa miongoni mwa miji mikubwa, na kusema kweli wako waliofurahia kuitwa mji mkubwa kuliko msaada wenyewe. Kartié Mapendo ilichagua maji. Kisima kirefu, na pompi ya kuvuta maji kwa nguvu ya jua, ili wanawake wapumzike kuteremka bondeni na kupanda na bidoni kichwani. Kibao cha mradi kilifika kwanza. Kikasimama pale muda mrefu kinatangaza maji yasiyokuwepo, mpaka kuku wakakizoea wakawa wanalala juu yake. Kisha kisima kikachimbwa. Na jana, hatimaye, lori likaleta pompi: chuma cheupe, chembamba, urefu wa mkono wa mtu mzima. Watu waliiimbia kama bibi harusi.

Ikawekwa katika depo, yaani stoo, iliyo ndani ya lupango la Iliasi, prezida wa komite, kungoja wajumbe wa kutoka Kindu waje leo kuiona ikiteremshwa kisimani. Mlango wa depo ulifungwa kwa kufuli moja lenye ufunguo mmoja, na ufunguo ukapewa mama Faida, kwa sababu kartié nzima ilimwamini. Polisi Pitchou akawekwa langoni alinde. Kulipopambazuka Faida alikuja na wenzake kufagia. Akafungua kufuli mbele ya macho yao. Vioo vya jua, viko. Nyaya, ziko. Pompi, hakuna.

Kabla mwanaume yeyote hajajua la kusema, wanawake walitoka nje na kufunga lango kwa mnyororo. Aliyekuwa ndani akabaki ndani, hata Pitchou aliyekuwa ameingia kuona. Asma alipofika kutoka kituoni walimfungulia vizuri, wakamsalimu vizuri, wakafunga tena nyuma yake.

Simu yake ililia. Ilikuwa Komanda.

"Asma, wajumbe wako njiani na gari. Wakifika nataka mutu mmoja ndani ya gari hilo, aende Kindu. Nani?"

"Bado naangalia, Komanda."

"Unaangalia nini? Kufuli haikuvunjwa. Ufunguo mmoja. Mwenye ufunguo uko naye hapo." Komanda akaongeza polepole, "Ao unaangalia kwa sababu ni mama yako mudogo?"

Simu ikakatwa. Asma akageuka. Faida alikuwa ameketi kwenye mkeka kando ya ukuta, kilemba kimenyooka, mikono juu ya magoti. Ndiye aliyemlea Asma tangu mama yake alipofariki, akamfundisha kupika, kusali na kutomwamini mtu anayecheka kabla ya kusalimu. Akimwachilia, mji mzima utasema ni damu. Akimpakia kwenye lile gari, mama wa makamo yake hatarudi kutoka gereza la Kindu ila maiti ndani ya blanketi.

"Usiniangalie hivyo," Faida alisema. "Fanya kazi yako. Na usimame wima, bega lako limeinama kama la mutu anayedaiwa."

Asma akaanza na mlango wa depo.

Kufuli lilikuwa zima, na ndani ya tundu lake hakukuwa na mkwaruzo. Akaliacha. Akahamia upande wa pili wa mlango, upande ambao watu hawauangalii kwa sababu haufunguki: upande wa bawaba. Bawaba zilikuwa na kutu jekundu, za miaka. Lakini vichwa vya skrubu zilizoshika bawaba vilikuwa vinang'aa kwenye mfereji wa katikati, na mtu alikuwa amevipaka mawese kwa kidole ili mng'ao usionekane. Asma akanusa kidole chake. Mawese ya jana, hata vumbi halijashika.

"Pitchou, njoo."

Pitchou alikuja akivuta mkanda wa suruali. Alikuwa kijana mzuri, mwenye usingizi mzuri zaidi.

"Mlango huu haukufunguliwa kwa ufunguo," Asma alimwambia kwa sauti ya chini. "Ulitolewa wote, ukarudishwa. Mutu alifungua skrubu. Usiku ulikuwa wapi?"

"Langoni, Inspekta. Kwa nje. Nimeegemeza mgongo kwenye lango lenyewe."

"Ulilala?"

"Nililala, lakini mgongo ulikuwa kazini. Mutu angefungua ningeanguka."

Asma alifikiri, akaona kwamba huo, kwa Pitchou, ulikuwa ushahidi mzuri. Hakuna aliyepita langoni. Ukuta wa nyuma ulikuwa na vipande vya chupa juu, na utando wa buibui kwenye chupa haujakatika. Basi mwizi alikuwa ndani, na pompi nayo ilikuwa ndani. Na tangu alfajiri wanawake wale, pasipo kujua, walikuwa wamefunga mwizi, mali na mpelelezi katika sanduku moja.

"Tafuta tena," alisema.

"Tumeshatafuta. Chini ya vitanda, juu ya dari, kwenye nyumba ya kuku, kwenye choo nimemulika na tochi mpaka nikakosa hamu ya kula."

"Na lile pipa?"

Kando ya jiko la nje kulikuwa na pipa kubwa la plastiki, la buluu, lililojaa muhogo ulioloweka. Pitchou akashika pua kutoka mbali.

"Lile la muhogo? Nililiangalia, Inspekta. Muhogo. Unajua unavyonuka, mama yangu!"

Asma naye alipopita karibu alijiziba pua kwa ncha ya kilemba, akatupa jicho, akaona vipande vyeupe vimejaa mpaka juu. Akapita. Mbuzi wa nyumba alikuwa amefungwa hapo karibu, anatafuna maganda.

Prezida Iliasi alikuwa ameketi barazani kwenye kiti cha plastiki, kanzu safi, kofia safi, anajipepea na kipande cha katoni. Ukoo wake ulikuwa wa wafanyabiashara tangu wakati wa mababu, na alikuwa na namna ya kukukaribisha kwenye kiti mpaka unasahau kwamba ni wewe uliyekuja kumhoji.

"Keti, binti yangu. Ningekupa chai, lakini bibi yangu Sifa hayuko. Amekwenda matangani Kabambare tangu wiki iliyopita, mjomba wake alifariki. Na mvua hizi, njia imekatika. Mimi hapa nakula mikate ya kununua, kama kapera."

"Pole kwa msiba, Prezida. Usiku ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Mimi nikishaswali, nalala."

"Nani mwingine alilala humu?"

Iliasi akaelekeza katoni kwenye chumba cha wageni, akashusha sauti. "Yule. Nestor. Mgeni, si mutu wa hapa. Ananunua dhahabu kule Salamabila. Alifika jana jioni na pikipiki yake, akaomba mahali pa kulala. Dini yetu haitufundishi kufukuza mgeni. Lakini leo najiuliza, Asma. Mutu wa Salamabila, machimbo yao yamejaa maji kwa mvua, na hapa pompi mpya. Angalia kwenye mfuko wa pikipiki yake. Mimi sisemi kitu. Angalia tu."

Asma akaenda akaangalia. Ndani ya mfuko wa pikipiki kulikuwa na kitambaa, plagi, kipande cha sabuni na turnevisi ndefu ya kufungulia skrubu.

Nestor alikuwa mwembamba, na viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu wa machimbo. Kiswahili chake kilikuwa cha upande wa Uvira, cha haraka. Alipoiona turnevisi mkononi mwa Asma alikaa kitandani bila kuambiwa.

"Kila mwenye pikipiki iko nayo hiyo, Mama Inspekta. Hata huyu polisi wako muulize."

"Sijakuuliza kuhusu hii. Nakuuliza ulikuja kufanya nini Kasongo."

"Kununua mawese."

"Bidoni la mawese liko wapi?"

"Ningenunua hapa hapa."

"Mutu anatoka Salamabila na matope yote haya, anakuja kununua mawese bila chombo." Asma akaketi kwenye ukingo wa dirisha. "Nestor, mimi siyo mtoto. Wanawake wako pale nje. Mama Deborah alipigana na simba."

"Kweli?"

"Ni yeye anayesema. Lakini simba hatujamsikia akikana."

Nestor hakucheka. Akatazama mlango, kisha akazungumza akiangalia viatu vyake. "Shimo letu limejaa maji. Wenzangu wamekaa bila kazi, hatuli. Nikapigiwa simu. Nikaambiwa, njoo na pikipiki, kuna kitu cha kuvuta maji, asubuhi utaondoka nacho. Mimi nilifikiri ni pompi ya mutu, anauza chake. Wallahi, hata mimi Mukristo naapa na wallahi. Sikujua ni ya serikali mpaka nilipowasikia hao wamama wanalia asubuhi."

"Nani alikupigia?"

Nestor akaanza kukwangua udongo kwenye kiatu.

"Nani?"

"Mama Inspekta, mimi niko chini ya paa la watu. Hapa sina ndugu, sina mutu wa kunisemea. Nikitaja mwenyeji wa Kasongo, mwenyeji mukubwa, na pompi yenyewe haionekani, nani atamwamini mgeni wa machimboni? Wataniua hapo langoni, kisha watakwenda kumpa mkono wa pole yeye. Nifunge tu."

"Turnevisi yako ilitoka mkononi mwako jana?"

Nestor akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi.

Asma alitoka barazani. Sasa alijua. Lakini kujua hakukumsaidia zaidi ya lile lango. Mgeni hataki kusema, na akisema hataaminiwa. Pompi haionekani. Bila pompi, kilichobaki mbele ya Komanda ni kufuli zima na ufunguo mmoja.

Simu ikalia tena. "Wajumbe wamepita Lusangi," Komanda alisema. "Umemtia pingu?"

Betri ikafa kabla hajajibu. Kwa mara ya kwanza maishani Asma alimshukuru Mungu kwa umeme wa Kasongo.

Iliasi alikuwa amesikia. Akainuka, akaja polepole, akasimama karibu naye kama baba.

"Sikiliza, binti yangu. Mimi sitaki ubaya na familia yenu. Tuseme hivi: mama Faida ni mutu mzima, alisahau kufunga vizuri, mwizi akapita. Si wizi, ni uzembe. Mimi kama prezida nitazungumza na wajumbe, nitawaomba wamsamehe. Atatia kidole kwenye karatasi tu, jambo litaisha. Na serikali haikosi, italeta pompi ingine."

"Italeta?"

"Inshallah."

Huo ndio ulikuwa mtego mzuri kuliko wote wa siku ile, kwa sababu ulipakwa asali. Faida akisaini, ni yeye mwenye kosa. Na Faida, kutoka mkekani, akasema kwa sauti iliyotulia:

"Leta karatasi hiyo ya kidole."

"Mama mudogo!"

"Leta. Hawa wanawake nje wamechomwa na jua, hawakunywa hata maji. Mgeni huyu anatetemeka. Wewe utafukuzwa kazi. Mimi nimeshaishi. Niandike, tufungue lango, watu waende bondeni wachote maji kama zamani."

"Huoni?" Iliasi alisema. "Mwenye hekima huyo."

Asma akawapa mgongo. Miguu yake ilikuwa imechoka. Akaenda mahali pekee penye kivuli, kando ya jiko la nje, akaketi chini, akaegemeza mgongo kwenye pipa la buluu. Kutoka mfukoni akatoa mkate wa mafuta ambao Mama Deborah alimpa wakati wa kumfungia. (Mama Deborah alikuwa akikufunga, lakini hakuwa akikunyima.) Akaanza kula.

Alikuwa amekula nusu ndipo mkono ulipokwama njiani kuelekea mdomoni.

Anakula. Amekaa, mgongo umegusa pipa la muhogo ulioloweka, na anakula, na mkate una ladha ya mkate.

Kila aliyekulia Kasongo anaijua ile harufu. Muhogo ukikaa kwenye maji unaanza kuoza, maji yanapiga povu, na nyumba ya pili inajua kwamba kwako kuna muhogo. Ndiyo maana Pitchou alishika pua kutoka mbali. Ndiyo maana yeye mwenyewe alivuta kilemba. Mtu huwahi kuziba pua kabla harufu haijafika. Leo wote walikuwa wameziba pua, na harufu haikufika.

Akavuta pumzi kwa nguvu. Maji. Udongo kidogo. Mbuzi.

Akamgeukia mbuzi. Mbuzi alikuwa anatafuna maganda, na maganda yalikuwa meupe kwa ndani, bado yana maji. Asma akamnyang'anya moja. Mbuzi alimwangalia kwa chuki ya haki. Ganda lilikuwa nene kama kipande cha mbao, na nusu ya muhogo wenyewe imeondoka nalo. Hakuna mwanamke aliyemenya hili. Mwanamke angemenya hivi, mama mkwe wake angemrudisha kwao.

Aliinuka, akajifuta mikono, akachukua sura ya mtu aliyeshindwa.

"Prezida," alisema, "njaa imeniumiza. Huu muhogo wa nani?"

"Wa bibi yangu," Iliasi alijibu kutoka barazani, bila haraka. "Alitia kabla ya kwenda matangani."

"Kabla ya kwenda?"

"Siku ile ile ya kuondoka. Nilimwona na macho yangu. Alisema akirudi ataanika. Usiuguse, atanigombeza."

"Tangu wiki iliyopita."

"Tangu wiki iliyopita, wallahi."

Asma akachovya mkono juu ya pipa, akatoa mzizi mmoja. Akaenda nao langoni, akainama kwenye tundu.

"Mama Deborah!"

"Bado tuko."

"Nina swali la upelelezi. Muhogo uliotiwa majini tangu wiki iliyopita, leo ukoje?"

Wanawake wakatazamana kama watu wanaofikiri kwamba jua limempata Inspekta kichwani. Kisha wakajibu wote kwa pamoja, kila mmoja la kwake.

"Umekuwa uji!"

"Unapondeka kwa vidole!"

"Wiki nzima? Ungekuwa hapo, sisi tungekuwa tumehama!"

"Mbona unauliza, mwanangu? Nani amekupikia?"

"Nimeambiwa huu ni wa wiki iliyopita," Asma alisema, akausukuma ule mzizi kupitia nafasi iliyo chini ya lango. "Uangalieni."

Zikasikika sauti za mikono ikipokezana. Halafu kitu kikagonga bati la lango: ko, ko, ko. Mama Deborah alikuwa anabisha hodi kwa muhogo.

"Asma!" alipiga kelele kwa furaha. "Hii ni kuni! Uweke chini ya sufuria upikie mwingine!"

Kicheko kikaruka juu ya ukuta. Safari hii kilikuwa cha furaha. Asma akageuka. Iliasi alikuwa amesimama, katoni la kujipepea limetulia mkononi.

"Labda ni aina ile ngumu," alisema.

"Aina gani?" wanawake wakauliza kutoka nje. "Itaje jina tuipande!"

"Ao bibi yangu alichelewa kuutia."

"Aliutia siku ya kuondoka, ulimwona na macho yako," Asma alisema. "Na siku ya kuondoka ilikuwa wiki iliyopita, na njia imekatika. Basi nani alitia muhogo huu, Prezida?"

Iliasi akaweka katoni juu ya kiti. Nestor alikuwa ametoka hadi mlangoni mwa chumba cha wageni, na kwa mara ya kwanza alikuwa amenyoosha shingo. Faida hakusogea mkekani, lakini aliacha kuangalia magoti yake.

"Ni mimi," Iliasi alisema. "Basi. Nilificha kwa haya. Bibi hayuko, njaa inauma, jana nikamenya muhogo mwenyewe, nikatia majini. Mwanaume mzima, prezida wa komite! Ningesema mbele ya hawa wanawake?"

Nje wakapiga vigelegele. "Iliasi amemenya muhogo! Iliasi ameloweka! Tutakutafutia kilemba!"

"Hakuna haya," Asma alisema kwa upole. "Mwanaume anayejipikia ni mwanaume mzuri. Nikusaidie jambo moja tu, kwa sababu naona hujazoea: muhogo huu umeujaza mno, maji hayauingii. Utoe. Wote, mpaka chini. Kisha uupange vizuri."

"Baadaye."

"Sasa, Prezida. Tuko na nafasi. Lango limefungwa."

Iliasi akaja kwenye pipa. Akakunja mkono wa kanzu. Akatoa mzizi mmoja akauweka chini, akatoa wa pili, wa tatu, taratibu, kama mtu anayetoa mayai chini ya kuku mkali. Maji yalikuwa yamechafuka kwa udongo, hakuna kilichoonekana ndani. Rundo likakua miguuni pake, mbuzi akalisogelea. Kisha Iliasi akanyoosha mgongo, mkono unachuruzika maji.

"Imekwisha," alisema. "Hapa chini iko maji tu."

"Imekwisha?"

"Naapa. Maji tu."

Faida akakohoa kidogo kutoka mkekani. "Mwanangu Asma, mimi ni mzee, macho yangu hayaoni vizuri. Maji yamemfika Prezida kwenye kiwiko. Na lile pipa, linanifika mimi kiunoni."

Kwa mbali, upande wa barabara ya Lusangi, ikasikika honi ya gari. Hakuna aliyegeuka.

Asma akaenda langoni, akachukua mtaimbo ambao Iliasi aliutumia kufungia lango lake kwa ndani, na ambao leo haukuwa na kazi yoyote. Akaja nao. Akausimamisha juu ya pipa, akaushusha majini taratibu, mpaka ulipokutana na kitu.

*Ngliiing.*

Ilisikika mpaka nje. Vigelegele vikakatika katikati. Hata mbuzi aliacha kutafuna.

"Hicho," Iliasi alisema, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayekaribisha watu kwenye viti, "hicho ni pipa lenyewe. Ni chuma chini. Mapipa ya zamani hayo yalikuwa ya chuma chini."

Faida akainuka kwenye mkeka. Akatikisa vumbi kwenye nguo yake, akaja polepole, akalisimamia pipa la buluu, akalipigapiga ubavuni kwa kiganja: bup, bup, bup. Akainama akalipigapiga na chini kabisa, karibu na ardhi. Bup, bup.

"Plastiki, Prezida," alisema. "Mpaka chini."

Nyuma ya lango, mtu alianza kufungua mnyororo.